Hita Husingiziwa: Nyaya za Nyumba Zetu na Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikishakatika na kipupwe kuanza, Mbeya na Iringa huingia katika miezi yake migumu. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, na Mafinga iko juu zaidi. Usiku wa Juni na Julai kipimajoto cha Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo ndipo hita zinapotolewa kabatini, shawa za umeme zinapofungwa, na koili kutumbukizwa katika ndoo ya maji ya kuoga. Na hapo ndipo malalamiko yanapoanza: breka inaruka kila jioni, soketi inanuka, maji ya shawa yanapiga shoti kidogo, uniti za LUKU zinaisha kabla ya wakati. Fundi huitwa, kifaa hubadilishwa, pesa hutoka. Baada ya wiki mbili tatizo linarudi lilelile.

Linarudi kwa sababu mara nyingi kifaa kilikuwa kizima. Hita ndiyo iliyotoa taarifa. Ugonjwa umo katika nyaya, katika maungio na katika ethi. Nyumba nyingi za nyanda hizi zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa, redio, televisheni na pasi ya mara moja kwa wiki. Mzigo wa kupasha joto umekuja baadaye, ukawekwa juu ya mfumo ambao haukuandaliwa kuubeba. Asiyelielewa hilo atanunua hita tatu kabla ya kutengeneza soketi moja.

Hesabu inayopaswa kutangulia

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Ukigawanya wati za kifaa kwa 230, unapata ampea kinazovuta. Taa ya wati 10 huvuta ampea 0.04 hivi. Hita ya chumbani ya wati 2,000 huvuta ampea 8.7. Shawa ya umeme ya wati 5,500 huvuta ampea 24. Kwa hiyo shawa moja ina mzigo wa taa zaidi ya mia tano zinazowaka kwa pamoja, na mzigo huo wote unapita katika waya mmoja hadi bafuni.

Waya nao una kipimo chake. Kwa kawaida mafundi hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Shawa inahitaji 4 kwa uchache, na 6 ni salama zaidi, katika laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka. Chukua shawa hiyo ya ampea 24 iliyounganishwa kwenye waya wa taa wa 1.5, umbali wa mita 20 kutoka kwenye breka. Waya wenyewe utapoteza takribani wati 280 zikiwa joto ndani ya ukuta na juu ya dari. Waya wa 6 ungepoteza wati 70 hivi. Ganda la plastiki la nyaya za kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Likipita hapo siku baada ya siku hukakamaa, hupasuka, na mwishowe laini na nyutro hugusana.

Ekstensheni ni mtego mwingine. Plagi ya pini tatu tunayoitumia ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Hita ya 2,000 na birika la 2,000 kwenye ekstensheni moja ni ampea 17. Ikiwa fyuzi halisi imeondolewa na kuwekwa kipande cha waya, hakuna kitakachozuia ekstensheni hiyo kuyeyuka, hasa ikiachwa imekunjwa chini ya kitanda au zulia ambako joto lake halina pa kutokea.

Maungio, mahali moto unapozaliwa

Katika nyumba yenye nyaya za unene unaofaa, kasoro hutafutwa kwanza kwenye maungio: skrubu ya soketi iliyolegea, nyaya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa teipu juu ya dari, mguu wa breka ambao haukukazwa. Ungio legevu huongeza ukinzani, na joto linalozalishwa pale hukua kwa mraba wa ampea zinazopita. Ungio lenye ukinzani wa omu 0.2 likipitisha umeme wa taa moja, joto lake halihisiki kabisa. Likipitisha ampea 8.7 za hita, hutoa wati 15. Likipitisha ampea 24 za shawa, hutoa wati 115, yaani joto la balbu ya zamani ya wati 100 lililofungiwa ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani.

Hesabu hiyo inajibu swali ambalo wenye nyumba huliuliza kwa mshangao: mbona nyaya hizi zimekaa miaka kumi bila tatizo? Zilikaa kwa sababu hazikuwahi kubeba mzigo. Kasoro ilikuwamo tangu siku ya kwanza, ikisubiri hita. Joto nalo hulegeza skrubu zaidi, shaba huungua na kuwa nyeusi, ukinzani huongezeka, joto huongezeka tena. Ndiyo maana soketi iliyoanza kubadilika rangi haiponi kwa kubadilishiwa plagi. Inabidi izimwe kwenye meni swichi, ifunguliwe, waya ukatwe hadi kwenye shaba safi, na soketi mpya iwekwe.

Waya usio wa shaba halisi huongeza balaa. Madukani hupatikana nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba, na nyingine zilizoandikwa 2.5 ilhali ni nyembamba kuliko hapo. Alumini hupitisha umeme kwa ugumu zaidi kuliko shaba, na chini ya skrubu hubonyea na kulegea. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini iliyopakwa huonyesha weupe. Tafuta pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kusoma tabia ya breka

Breka ikiruka inatoa ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni muda. Ikiruka papo hapo unapowasha, kuna shoti: laini imegusa nyutro, ndani ya kifaa au katika nyaya. Ikiruka baada ya dakika kumi au nusu saa, mzigo umezidi. Breka ina sehemu inayokata shoti kwa ghafla na sehemu inayopata joto polepole. Ya ampea 20 inaweza kubeba ampea 22 kwa saa nyingi bila kuruka. Ikibebeshwa 29, itaruka ndani ya saa moja. Anayeona breka ikiruka usiku wa manane tu, wakati hita mbili na shawa zimewashwa pamoja, hana breka mbovu. Ana breka inayofanya kazi yake.

Hapa hufanywa kosa lililo hatari kuliko yote katika somo hili: kuondoa breka ya 20 na kuweka ya 32 ili isiruke tena. Breka huwekwa kwa ajili ya kuulinda waya. Ukiikuza bila kuukuza waya, waya wenyewe unakuwa fyuzi, na utakatika kwa kuungua juu ya dari yenye mbao kavu. Fundi anayependekeza suluhisho hilo bila kupima waya asilipwe, na asirudi.

Ukiacha muda, ushahidi wa pili ni kasoro inafuata nini. Chomoa vifaa vyote kwenye laini inayosumbua, kisha rudisha breka. Ikiruka bila kifaa chochote, kasoro iko ndani ya ukuta au darini, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kisha hamisha hita hiyo kwenye soketi unayoiamini, ya laini nyingine. Tatizo likihama na hita, hita ni mbovu. Tatizo likibaki kwenye soketi ya kwanza, hita umeisingizia. Jaribio hili halihitaji kufungua kitu wala kununua kipimo, na lingeokoa fedha nyingi zinazotupwa kila kipupwe.

Umeme mdogo

Wakazi wa pembezoni, walio mwisho wa laini ndefu kutoka kwenye transfoma, hulalamika kwamba hita haipashi na shawa inatoa maji ya uvuguvugu. Hesabu inawaunga mkono. Nguvu ya koili hupungua kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hita ya wati 2,000 hutoa 1,225 tu. Shawa ya 5,500 hubaki na kama 3,370. Tuseme maji ya tanki yana nyuzi 15 na yanatoka lita tatu kwa dakika: kwa umeme kamili yangefika nyuzi 41, kwa umeme huo mdogo yanaishia 31. Kubadilisha shawa hakusaidii. Kupunguza mwendo wa maji kunasaidia, na kupima volti kunasaidia zaidi.

Kipimo kifanyike sehemu mbili, mzigo ukiwa umewashwa: kwenye meni swichi na kwenye soketi yenyewe. Zikiwa ndogo kwenye meni swichi, tatizo linatoka nje, na ripoti ipelekwe TANESCO. Zikiwa 225 kwenye meni swichi na 195 kwenye soketi, volti 30 zinapotea ndani ya nyumba yako, katika waya mwembamba au ungio legevu, na kila volti iliyopotea imegeuka joto mahali usipopaona.

Kuna dalili moja isiyostahili kusubiri hata dakika. Ukiwasha hita taa za nyumba zikafifia kidogo, ni jambo la kawaida kwenye laini dhaifu. Lakini taa zikianza kuwaka kupita kiasi, au chumba kimoja kikiwaka sana huku kingine kikififia, huenda nyutro imekatika au imelegea, nyumbani au kwenye nguzo. Katika mfumo wa fezi tatu, nyutro ikikatika, nyumba moja inaweza kupokea volti zaidi ya 300 huku ya jirani ikipokea chache. Zima meni swichi kwanza, piga simu baadaye.

Ethi, na ukavu wa kipupwe

Suala la ethi lina uzito wa pekee katika nyanda hizi kwa sababu ya kalenda yake. Kwa sehemu kubwa ya Mbeya na Iringa mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili au Mei. Baridi huja baada ya hapo, ardhi ikiendelea kukauka. Fimbo ya ethi hutegemea unyevu wa udongo ili ipitishe umeme unaovuja. Nyumba iliyopimwa Machi ikaonekana nzuri inaweza kuwa na ethi mbaya Agosti, wakati uleule ambapo shawa na koili zinatumika kuliko miezi yote. Kwenye miamba ya Iringa, eneo la Gangilonga likiwa mfano unaojulikana, fimbo yenyewe huwa shida hata kuizamisha, na fundi mwenye haraka huikata na kufukia kipande. Rungwe, ambako mvua ni nyingi na udongo una kina, hali ni afadhali.

Angalia linalotokea shawa ikivujisha umeme katika nyumba yenye ethi ya omu 50 na breka za kawaida tu. Volti 230 zikigawanywa kwa 50 ni ampea 4.6. Breka ya 32 haiwezi kuziona. Kwake huo ni mzigo mdogo. Umeme utaendelea kumwagika ardhini kwa kiasi cha wati 1,058, karibu uniti 25 kwa siku. Mteja wa daraja la D1, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, angezimaliza kwa siku tatu bila kuoga. Na muda wote huo bomba na mwili wa kifaa vinaweza kuwa na umeme. Baadhi ya malalamiko ya LUKU kuliwa yana asili hapa, na mita haina hatia.

Dawa yake ni RCD, breka inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata ukitofautiana kwa miliampea 30. Kwa kuwa inahitaji uvujaji mdogo sana, hufanya kazi hata ethi ikiwa na omu mia kadhaa. Ardhi ikikauka Agosti, RCD bado inalinda. Kwa mtu anayefunga shawa ya umeme, hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya shawa yenyewe. Shawa nyingi zinazouzwa kwetu zina koili iliyo wazi inayogusana na maji unayojimwagia. Waya wake wa ethi, wa kijani wenye mstari wa njano, hauna hiari. Kuukata kwa sababu nyumba haina ethi ni kuugeuza mwili wa anayeoga kuwa ethi.

Kuna ujanja mbaya zaidi: kuunganisha waya wa ethi na nyutro ndani ya soketi ili tesita ionyeshe kwamba ethi ipo. Siku nyutro itakapolegea, mwili wa kila kifaa cha chuma utapata umeme kamili. Hali kadhalika swichi ya shawa au hita iliyofungwa kwenye nyutro badala ya laini huzima kifaa kwa macho tu. Umeme unabaki ndani. Tesita ya kalamu haitoshi kugundua hayo yote. Fundi wa kweli hubeba mita ya volti na omu, na kwa uvujaji hubeba megga, inayopima ganda la nyaya kwa volti 500. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, laini hiyo isiwashwe.

RCD ikiruka siku ya kwanza ya kipupwe, usikimbilie kuiondoa. Koili iliyokaa kabatini kwa miezi ya mvua hunyonya unyevu kupitia ncha zake, na unyevu huo huvujisha umeme. Mara nyingi kukaushwa juani siku moja au mbili huiponya. Ikiendelea kuruka, koili imetoboka na haitengenezwi. Kwa koili ya ndoo sheria ni moja: chomoa plagi kwanza, ndipo uguse maji. Nyingi zina waya mbili tu, hazina ethi kabisa.

Upande wa ubaridi: Kyela, Usangu, Pawaga

Mkoa wa Mbeya una hali ya hewa mbili. Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela unafika ukingo wa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako watu hutafuta upepo. Usangu kule Mbarali na Pawaga kule Iringa nako ni joto. Huko mzigo ni feni, friji na, katika nyumba za wageni na ofisi, kiyoyozi.

Kanuni ya waya na maungio ni ileile, lakini umeme mdogo hudhuru kwa namna tofauti. Hita ikipata volti 180 hupoa tu. Kompresa ya friji au kiyoyozi ikipata 180 hujaribu kuzunguka, hushindwa, huvuta ampea nyingi kupita kiasi na kuunguza nyaya zake za ndani. Sauti ya kunguruma kwa sekunde chache kisha kimya, ikirudiwa kila baada ya dakika kadhaa, ni ya kompresa inayoshindwa kuanza. Pima volti kwanza. Kisha kapasita, ambayo ni rahisi na hufa mara kwa mara. Kompresa iwe ya mwisho kulaumiwa. Gadi inayokata umeme ukishuka na kusubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kurudisha huzuia hasara nyingi, kwa sababu kompresa haipendi kuwashwa tena papo hapo baada ya umeme kukatika. Kwenye kisanduku cha nje cha kiyoyozi, fundi atazame mijusi na sisimizi kati ya vituo vya nyaya, kutu, na nyaya zilizotafunwa na panya. Hiyo ni kawaida kuliko kasoro za mitambo.

Nani awajibike

Kisheria mgawanyo uko wazi. TANESCO hushughulikia umeme hadi kwenye mita. Baada ya mita nyaya ni za mwenye nyumba. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, anayefunga nyaya anapaswa kuwa na leseni ya EWURA ya daraja linalolingana na kazi, na nyumba huunganishwa baada ya fundi huyo kuthibitisha kazi yake. Udhaifu uko baadaye. Uthibitisho hufanyika siku ya kuunganishwa, nyumba ikiwa na taa sita na soketi nne. Miaka kumi ikipita, vyumba vitatu vikiongezwa na shawa mbili kufungwa, hakuna anayelazimika kurudi kukagua.

Pengo hilo litapanuka. Umeme wa vijijini kupitia REA umefika kaya nyingi kwa ada ya shilingi 27,000, na baadhi zimeanza na kifaa cha UMETA, kinachoondoa haja ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni hatua njema kwa taa na simu, lakini hakikuundwa kwa hita. Wakati huohuo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na majiko ya umeme ni sehemu ya safari hiyo. Mzigo majumbani utaongezeka hata baridi isipoongezeka.

Wapo wanaosema ukaguzi ni anasa kwa mpangaji wa chumba kimoja. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa gharama ya waya mpya ni kubwa na nyumba si yake. Lakini umeme usipoaminika, watu hurudi kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na hewa ya kaboni monoksidi huua bila harufu wala onyo. Kwa hiyo hii ni kazi ya mwenye nyumba. Anayepokea kodi ana wajibu wa kuweka RCD moja kwenye meni swichi na kukaza skrubu za soketi zake, na mpangaji ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Halmashauri, EWURA na vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa wangeweza kuanzisha ukaguzi wa bei nafuu mitaani kila Mei, wanafunzi wakipima chini ya mafundi wenye leseni. Watu na vipimo wapo. Kinachokosekana ni utaratibu.

Msomaji wa Uyole, Mwanjelwa, Mafinga au Kihesa, fanya haya kabla ya kipupwe kijacho. Mwite fundi mwenye leseni mwezi Mei afungue kila soketi inayobeba hita na kila mguu wa breka, akaze na kubadilisha vilivyoungua. Ipe shawa laini yake. Weka RCD, na ubonyeze kitufe chake cha kujaribia kila mwezi. Pima ethi Agosti, ardhi ikiwa kavu, wala usiridhike na kipimo cha Machi. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, zima meni swichi. Ukiona moto, toa watu nje na upige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ukiyatimiza haya ndipo uende dukani kuchagua hita.